Kirangozi, Kiitikio na Zaburi

Msafara wa Wanyamwezi haukutembea kimya. Mbele alitangulia kirangozi, kitambaa chekundu mabegani na bendera mkononi, na nyuma yake mlolongo wa wapagazi, kila mmoja na frasila mbili begani, yaani kama kilo 32. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyeingia Kaze, yaani Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857, aliusikia uimbaji huo kutwa kucha na akauandika: mmoja anatoa maneno, kundi zima linapokea. Maneno yalibadilika kadiri siku zilivyokwenda. Njaa iliimbwa, ubahili wa tajiri uliimbwa, na mzungu mwenyewe hakusalimika, maana aliimbwa ubaya wake akiwa papo hapo anasikiliza. Kilichobaki palepale ni pokeo. Mtu angeweza kusahau beti zote na bado asipoteze hatua.

Naanza barabarani kwa makusudi. Anayetafuta chanzo cha zaburi zinazoimbwa leo katika parokia za Tabora huwa anakimbilia kanisani, kwenye kinanda na madaftari ya nota, na hapo anakuta habari za juzi tu. Zaburi inayoimbwa kwenye Misa ni mwimbaji mmoja anayetoa mashairi na umati unaorudisha kiitikio. Unyanyembe, nchi yenye Tabora ndani yake, ilikuwa na shule ya uimbaji wa namna hiyo kabla hajafika padri hata mmoja, na ukumbi wake ulianzia Bagamoyo ukaishia Ujiji.

Mapadri walifika kwa njia hiyohiyo. Juni 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, wanaoitwa pia Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, uliondoka Bagamoyo. Walikuwa kumi. Padri Joachim Pascal, aliyepangiwa kuongoza kundi la Tanganyika, alifariki njiani mwezi Agosti kabla ya kuiona Tabora. Waliobaki waligawanyika Unyanyembe: wengine wakaenda ziwa la kaskazini, hadi Buganda walikofika Februari 1879, na wengine wakafuata barabara ya magharibi hadi Ujiji, ambako walikuwa wamekwisha kufika Januari mwaka huohuo.

Kila padri katika kundi lile alikuwa na breviari mfukoni. Sheria ilimtaka azisali zaburi kila siku ya Mungu, awe mzima au ana homa, awe kanisani au chini ya mbuyu wa Ugogo. Kwa hiyo zaburi za kwanza za Kikatoliki katika njia ile zilisomwa kwa Kilatini, kwa sauti ya chini, na mtu mmoja mmoja aliyejitenga kambini jioni. Hatua chache kutoka hapo wapagazi walikuwa wanaimba na kuitikiana. Ilichukua karibu miaka tisini kwa sauti hizo mbili kukutana rasmi katika ibada moja, na sehemu kubwa ya historia hii ni habari za kwa nini zilichelewa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Mapadri Weupe walijenga kituo Kipalapala, kusini mwa mji wa Tabora, wakakusanya humo watoto yatima, wengi wao waliokombolewa utumwani. Hapo mwaka 1887 Askofu Léon Livinhac alimweka wakfu Jean-Baptiste Charbonnier kuwa askofu. Miaka miwili baadaye kituo kilifungwa. Mtemi Isike wa Unyanyembe hakuwataka Wazungu karibu na boma lake, na kwa yaliyompata Januari 1893, alipojilipua ndani ya ngome yake ya Isiunula badala ya kuangukia mikononi mwa Wajerumani, huwezi kusema alikuwa na hofu isiyo na sababu. Kazi ya utume ilihamia upande wa Ushirombo, na Kipalapala ikangoja.

Lavigerie aliwaagiza wamisionari wake wajifunze lugha za watu, na waliitii amri hiyo kwa bidii ambayo leo inatuaibisha. Lakini kuijua lugha ya kuhubiri ni jambo moja, kuijua lugha ya kuimba ni jambo lingine. Misa ilikuwa ya Kilatini, haikuguswa. Pembeni mwa Misa, kwenye mafundisho, maandamano na sala za jioni, ziliruhusiwa nyimbo za lugha ya watu. Padri alichukua wimbo alioujua tangu utotoni Ufaransa au Ubelgiji, akafuta maneno, akapanga ya Kiswahili au ya Kinyamwezi juu ya sauti ileile. Ndivyo zilivyozaliwa nyimbo ambazo bibi zetu waliziimba kwa machozi, na hakuna haja ya kuzicheka.

Tatizo lilikuwa kwenye mkazo. Kifaransa huweka uzito kwenye silabi ya mwisho ya fungu la maneno. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kuyumba. Ukichukua sauti ya Kifaransa inayotua kwa kishindo mwishoni na kuivika neno "Bwana", kishindo kinaangukia "na", na msikilizaji anabaki akingoja jina la pili, Bwana na nani? "Mwokozi" anakuwa mtu wa "zi". Hili si suala la urembo tu. Mtu wa Tabora anajua tofauti ya barabara anayopita na kazi iliyofanywa barabara: herufi ni zilezile, mkazo ukihama umehamisha maana. Kwa bahati, Kifaransa kina mistari inayoishia kwa ile "e" dhaifu, ambayo huimbwa kwa noti nyepesi baada ya ile nzito. Mistari hiyo ilikikaa Kiswahili kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo. Nina hakika nyimbo za zamani zilizodumu hadi leo ni zile zilizopata bahati hiyo, na nyingi zilizokufa ziliuawa na silabi yao ya mwisho.

Kulikuwa na jambo dogo zaidi ambalo wageni wengi hawakulisikia kabisa. "Mtu" ina silabi mbili, na ya kwanza ni "m" peke yake. "Nchi" nayo ni mbili, na mkazo wake umekaa juu ya "n". Zaburi zimejaa nchi: nchi na vyote viijazavyo, miisho ya nchi, wanyenyekevu wa nchi. Mtunzi asiyeipa "n" noti yake analazimisha kwaya kulimeza neno. Anayeipa noti ndefu anaifanya kwaya ivume kama nyuki. Katikati ya hayo mawili pana nafasi ndogo sana, na mwalimu mzuri wa kwaya anaishi humo.

Kipalapala ilifufuka mwaka 1925 ikiwa seminari kuu. Miaka minane nyuma yake, tarehe 15 Agosti 1917, Waafrika wanne walikuwa wamepewa upadri Rubya, Bukoba, wa kwanza katika nchi hii, na sasa vijana wa kabila nyingi walikutana kwenye mchanga wa Unyamwezi wakijifunza falsafa, teolojia na uimbaji wa Kigregori. Papa Pius X alikuwa ameamuru mwaka 1903 kwamba uimbaji huo ndio kielelezo cha muziki wa Kanisa. Zaburi za masifu ya jioni ziliimbwa kwa kupokezana, upande mmoja wa kikanisa ukitoa nusu ya kwanza ya mstari wake hadi kituo, ukipumua, ukamalizia, na upande wa pili ukapokea mstari unaofuata. Msukuma na Mhaya, Mfipa na Mnyamwezi, wote katika noti moja ndefu, wakishuka pamoja mwishoni.

Ingawa ilikuwa Kilatini, ile ilikuwa shule yenye faida. Mseminari aliyeimba zaburi kila siku kwa miaka alijifunza kitu ambacho nyimbo za Kifaransa hazikumfundisha: kwamba sauti ya zaburi ni fupi na maneno ndiyo marefu. Kuna noti moja ya kubebea maneno, hata yakiwa mengi kiasi gani, na kuna mteremko mdogo wa kumalizia. Msomaji wa ushairi wetu angesema mstari wa zaburi una ukwapi na utao: nusu ya kwanza inasema jambo, nusu ya pili inalirudia kwa sura nyingine au inaligeuza. Waebrania hawakutegemea vina vya silabi kama sisi, walipatanisha mawazo. Ndiyo maana zaburi husafiri salama kutoka lugha hadi lugha. Kina hupotea kwenye tafsiri, lakini wazo lililorudiwa mara mbili haliwezi kupotea kirahisi.

Hata hivyo, wapenda Kilatini wenyewe walionja mapema shida ya tafsiri mpya. Mwaka 1945 Papa Pius XII aliruhusu zaburi zilizotafsiriwa upya kwa Kilatini kutoka Kiebrania, kazi iliyoongozwa na Padri Augustin Bea. Wataalamu wa Maandiko walifurahi. Waimbaji walinuna. Maneno mapya yalikuwa sahihi zaidi lakini hayakukaa kwenye sauti zilizolelewa na maneno ya zamani kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipokuja, uliagiza zaburi za Kilatini zipitiwe tena na waimbaji wafikiriwe. Mwalimu wa kwaya anayelalamika leo kwamba tafsiri mpya imemharibia wimbo wake anaweza kujifariji kwamba Roma ililalamikiwa hivyohivyo.

Miaka ya 1950 mlango ulianza kulegea. Barua ya Pius XII ya Desemba 1955 kuhusu muziki mtakatifu iliwataka wamisionari waheshimu muziki wa watu wanaowahubiria. Ng'ambo ya Tanganyika, huko Kamina katika Kongo ya Wabelgiji, Padri Guido Haazen na kwaya yake waliimba Missa Luba mwaka 1958, na rekodi yake ikazunguka dunia. Tazama mambo yalivyopinduka. Tabora ilikuwa na maneno ya Kiswahili juu ya sauti za Ulaya. Kamina ikawa na sauti za Kiafrika chini ya maneno ya Kilatini. Kila upande ulikuwa na nusu ya ufunguo.

Kwetu, aliyefikiri jambo hili kwa kina kuliko wengine alikuwa Padri Stephen Mbunga, mtunzi wa Misa Baba Yetu, ambaye baadaye alifundisha muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1963 kilichapishwa Uswisi kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Ni kitabu cha mwanasheria na mwanamuziki kwa pamoja, na ujanja wake uko hapo: badala ya kuomba huruma kwa ngoma, anazipitia hati za Kanisa moja baada ya nyingine na kuonyesha kwamba sheria yenyewe ina nafasi ya muziki huo. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia, na kifungu chake cha 119 kikasema kwamba muziki wa watu wa nchi za misioni upewe heshima yake na mahali pake. Tarehe 7 Machi 1965, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, maagizo mapya yakaanza kutumika na lugha za watu zikaingia ndani ya Misa. Jimbo Kuu la Tabora lilikuwa chini ya Askofu Mkuu Marko Mihayo, aliyelishika tangu 1960.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu kuna njia moja iliyokuwa wazi na haikufuatwa, nayo inanisikitisha kila nikiifikiria.

Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyezaliwa 1917, Mkatoliki, hakimu kwa kazi na mshairi kwa wito, alikuwa amekwisha kutoa Utenzi wa Enjili Takatifu. Katikati ya miaka ya 1960 akatoa Utenzi wa Zaburi. Fikiri uzito wa kazi hiyo: zaburi zote zimewekwa kwenye mizani nane, vipande vinne kila ubeti, vitatu vya kwanza vina kina chake na cha nne kinabeba kina kinachotembea tangu mwanzo hadi mwisho. Utenzi haukuumbwa usomwe kwa macho. Unaghaniwa. Mtu yeyote aliyekulia pwani, au kwenye mji kama Tabora ambako pwani ilihamia pamoja na misafara, Wamanga na Waswahili wake, alikuwa na sauti tatu au nne za utenzi kichwani. Kwa hiyo, wakati hasa Kanisa lilipohitaji zaburi za Kiswahili zinazoimbika, kulikuwa na kitabu cha zaburi za Kiswahili zinazoimbika, kimetungwa na Mkatoliki, na sauti zake zilikuwa zimekwisha kuenea bila kuchapishwa.

Kwa nini haukuingia kwenye Misa? Sababu ya kisheria inaeleweka. Liturujia inataka tafsiri iliyoidhinishwa, na mtunzi wa utenzi lazima aongeze neno hapa na kupunguza pale ili mizani itimie. Hapo zaburi inakuwa ya Daudi na Mnyampala kwa pamoja. Sababu nyingine sidhani ilisemwa kwa sauti: utenzi ulinuka Uislamu kwa pua za watu wengi wa misioni. Ulihusishwa na Hamziya na maulidi, na wazee wenye kofia barazani. Mnyampala, mtu wa bara na Mkristo, aliuchukua bila aibu kwa sababu kwake ulikuwa mali ya lugha. Alifariki 1969, mwaka uleule Roma ilipotoa mpango mpya wa masomo ya Misa.

Miaka mingi baadaye mtu mwingine alishika njia yake. Julius Nyerere, aliyesoma Tabora na kisha akafundisha Mtakatifu Maria, shule ya Mapadri Weupe mjini humohumo, kuanzia 1946, alitumia uzee wake kuzigeuza Injili nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi, zikachapishwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Zaburi hakuzigusa. Labda aliona zimekwisha kupata mtu wao.

Mpango wa masomo wa 1969 ndio uliowapa kazi walimu wa kwaya. Kabla yake, kati ya somo na Injili kulikuwa na vipande vya Kilatini walivyoviweza wachache. Sasa kila Dominika ikapata zaburi yake yenye kiitikio, na Dominika zenyewe zikapangwa katika mzunguko wa miaka mitatu, A, B na C. Hesabu mwenyewe: Dominika 52 mara tatu, ongeza sikukuu na siku za kawaida. Parokia iliyokuwa ikiishi na nyimbo arobaini za kukariri iliambiwa iimbe kitu kipya kila wiki, kwa maneno ambayo ndiyo kwanza yametoka kutafsiriwa. Nambari nazo ziliwachanganya watu. Hesabu ya Kigiriki na Kilatini kwa sehemu kubwa iko nyuma kwa moja ukilinganisha na ya Kiebrania, kuanzia zaburi ya 10 hadi ya 147, kwa sababu ya 9 na ya 10 kwa Waebrania ni moja kwa Wagiriki. Kwa hiyo zaburi ya mchungaji ni ya 22 katika kitabu kimoja na ya 23 katika kingine. Mpiga kinanda amefungua moja, mwimbaji amefungua nyingine, padri anasubiri.

Kule vigangoni hali ilikuwa ngumu zaidi. Katekista mmoja, kitabu kimoja cha masomo, watu wasio na karatasi. Kanisa lenyewe lilikuwa limeona shida hiyo, likaruhusu zaburi moja ya majira itumike kwa wiki nyingi, ya Majilio peke yake, ya Kwaresima peke yake. Ni ruhusa ya busara ambayo mijini huwa inadharauliwa, kana kwamba kuimba zaburi moja vizuri kwa wiki nne ni umaskini.

Kilichowaokoa wengi ni herufi. Roma haikuhusika: Mwingereza John Curwen, katika karne ya 19, alieneza namna ya kuandika muziki kwa herufi za d, r, m, f, s, l, t, akiiendeleza kutoka kwa mwalimu aitwaye Sarah Glover. Madhehebu ya Kiprotestanti na shule ndiyo yaliyoipanda hiyo sol-fa Afrika, na Wakatoliki wakaichuma bila kuuliza shamba ni la nani. Uzuri wake ni kwamba haihitaji mistari mitano wala mchapishaji maalumu. Taipureta inatosha. Mwalimu wa kwaya alipiga herufi, nukta pacha na mistari kwenye stensili, akazungusha mashine mkono ukijaa wino mweusi, na jioni ileile waimbaji thelathini wana zaburi ya Dominika. Kipalapala palikuwa na mitambo ya uchapaji ya misioni, TMP, na Tabora ndiko lilikoanzia gazeti la Kikatoliki la Kiongozi mwaka 1950. Mji wa misafara ulikuwa umekuwa mji wa karatasi. Lakini zaburi nyingi hazikuwahi kufika kwa mchapaji. Zilinakiliwa kwa mkono, kutoka daftari hadi daftari, na jina la mtunzi likianguka njiani.

Sasa, zaburi hizo zilitungwaje? Huko Ulaya Mjesuiti Joseph Gelineau alikuwa ameonyesha njia tangu miaka ya 1950. Aliuacha mstari uende kwa mapigo sawa, akihesabu mikazo badala ya silabi, na silabi zinazobaki zikajipanga zenyewe katikati ya pigo na pigo. Kifaransa kiliipenda, Kiingereza kikaipenda. Kiswahili kinaipokea kwa masharti. Chukua neno "wanaokutumainia": silabi tisa, mkazo mmoja. Pigo moja linatakiwa kubeba mzigo wa silabi saba kabla halijafika kwenye mkazo, kisha neno fupi kama "wewe" linapata pigo lake zima na linastarehe. Mwimbaji anakimbia kisha anakokota, anakimbia kisha anakokota. Mpagazi angelielewa hilo upesi, maana mzigo usio sawa huvunja mwendo.

Kwa hiyo watunzi wetu walifanya mgawanyo ambao sijui nani aliuanza, na huenda haukuanzishwa na mtu. Kiitikio kikapewa mdundo na sauti nne, soprano, alto, tenori na besi, kwa kuwa maneno yake ni machache na yanarudi. Mashairi yakapewa mtu mmoja, ayaghani kwa noti ya kubebea kama zaburi za Kilatini, akiharakisha neno refu na kulituliza fupi, kisha ateremke kwenye silabi mbili za mwisho. Hapo Kiswahili kilionyesha adabu kuliko Kilatini chenyewe. Kilatini huwa na mkazo wa pili kutoka mwisho au wa tatu, na mteremko lazima ubadilishwe kila mara. Kiswahili mkazo haukimbii. Mteremko mmoja unatosha zaburi nzima. Watoto wa Kipalapala, walionung'unikia Kilatini chao cha kila jioni, waligundua kwamba walikuwa wamepewa chombo kilicholingana na lugha yao.

Ngoma zilikuja kwa hatua. Manyanga yalikuwa na sifa mbaya kwa mapadri wa zamani, kwa kuwa yalitikiswa na waganga, na Mkristo mpya alitakiwa ayaache pamoja na hirizi. Usukumani, jirani zetu wa kaskazini, Padri David Clement wa Bujora alikwenda mbali zaidi: kanisa la duara, vyombo vya kitemi, ngoma za Bulabo kwenye sikukuu ya Ekaristi. Tabora haikuwa na Bujora yake. Hapa kayamba na manyanga vilipenya taratibu, kwanza kwenye matoleo, kisha kwenye shukrani. Zaburi ilikaa bila ngoma kwa muda mrefu, na mimi niko upande wa waliochelewa. Manyanga yanapochacha, mashairi ya zaburi hayasikiki, na zaburi ni somo. Inapaswa kuimbwa kwenye mimbari, palepale panaposomwa Neno. Vinanda vya umeme vyenye midundo iliyopangwa tayari vimefanya madhara zaidi ya ngoma zote za Unyamwezi, kwa sababu mpiga ngoma anamsikiliza mwimbaji na mashine haimsikilizi mtu.

Kuna jina pia. Sisi tunaiita "wimbo wa katikati". Waliotafsiri walitaka kueleza mahali pake tu, katikati ya somo la kwanza na la pili. Lakini jina limezaa tabia. Kitu cha katikati kinaonekana kama cha kuziba pengo, kwa hiyo kwaya nyingine huweka hapo wimbo wowote mzuri, na zaburi ya siku ikabaki kwenye Misale ya Waumini bila kuimbwa. Laiti tangu mwanzo ungeitwa Zaburi tu, kama Injili inavyoitwa Injili.

Kisha tafsiri zikaongezeka. Biblia ya Habari Njema, iliyotayarishwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja, ilitoa Agano Jipya mwaka 1977 na Biblia nzima katikati ya miaka ya 1990. Kiswahili chake ni cha mazungumzo, chepesi kwa sikio. Mtunzi aliyekuwa na Biblia hiyo mezani alitunga kwa maneno yake, wakati kitabu cha masomo altareni kina maneno mengine. Kizazi cha watunzi ambao majina yao yanajulikana kila parokia, akina Kayeta, Nyundo, Makoye, Mgandu na Mukasa, kimekutana na jambo hilo kila mmoja kwa wakati wake. Neno likibadilika kutoka silabi nne kuwa sita, noti mbili lazima zitoke mahali. Anayekopa noti kutoka kwenye mkazo ameharibu. Anayekopa kutoka kwenye noti ya kubebea hakuna atakayejua.

Siku hizi stensili zimekwisha. Nota zinaandikwa kwa kompyuta, zinapigwa picha, zinatumwa kwenye kundi la simu usiku wa Alhamisi, na mtu wa Kaliua anapata zaburi ileile na mtu wa mjini.

Jumamosi jioni waimbaji wanaingia kwa mazoezi, wengine kutoka Chemchem, wengine kutoka Ng'ambo, baiskeli zimeegeshwa ukutani. Kiitikio kimekwisha shikwa. Msichana atakayetoa mashairi anasimama mbele peke yake, daftari mkononi, na anajikwaa kwenye neno moja refu. Mwalimu anamwambia alisome kwanza kama anaongea na mama yake. Analisoma. Mwalimu anachukua kalamu, anafuta "s" moja iliyokuwa imekaa mahali pasipo pake, anaandika "l", na besi wanaanza upya.